Kadi za Shemeji Orrin

Elk Prong, Missouri
10 Februari 2019

Dada Verda,

Natumaini mko wazima huko Kansas. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika kwa niaba ya wengine wote. Theluji imelala wiki mbili na kiwanda cha mbao hakijafunga hata siku moja. Msumeno hausikii baridi. Mbwa amekufa, yule mwekundu. Uzee. Nimemzika nyuma ya banda.

Siagi ya tufaha imefika. Chupa moja imepasuka njiani, nyingine nimeila kwa kijiko.

Usinipigie tena simu. Jumapili nilisikia unaongea, maneno sikuyapata. Masikio haya msumeno umeshayala. Nilipata "Orrin" na "kadi" na "Bwana asifiwe". Basi. Barua iliyokuja na chupa ndiyo iliyonieleza.

Kumbe shemeji katolewa vijiwe vya nyongo. Vijiwe. Na watu mia mbili na kumi na nne wamemwandikia kadi, watu wasiomjua hata sura, na umezitundika jikoni kwa kamba kama nguo, zimezunguka ukuta mpaka juu ya friji.

Mia mbili na kumi na nne, Verda. Kwa vijiwe.

Maxine aliugua miezi kumi na moja. Unajua mke wangu alipata kadi ngapi? Nne. Moja yako. Moja ya kanisa, wote wametia sahihi kwa kalamu moja. Moja ya kiwandani, ina picha ya samaki, sijui kwa nini samaki. Ya nne ya yule bwana wa majeneza, na hiyo ilikuja baada ya maziko.

Simwonei wivu shemeji. Nasema tu.

Unataka niache bima ya kiwandani nijiunge na huo Ushirika wenu wa Bega kwa Bega. Bima ya kiwandani ni mwizi, sikatai. Inakata kila Ijumaa, na ulipofika wakati wa Maxine ikaanza kuuliza maswali. Lakini ni mwizi ninayemjua jina. Hao wako siwajui.

Msalimie mgonjwa.
Hollis


Harlan Flat, Kansas
2 Machi 2019

Mdogo wangu Hollis,

Pole ya mbwa. Alikuwa wa Maxine, nakumbuka. Sisi tunaendelea vizuri. Ngano haikuumia na theluji. Orrin anakula kila alichokatazwa, hasa alichokatazwa.

Eti huoni wivu. Mimi ndiye niliyekufuta kamasi mama alipokuwa kazini, Hollis. Usinidanganye kwa kalamu.

Sikiliza, maana ulisikia nusu. Hakuna kampuni hapa. Mwanachama akiugua anapeleka hati zake ofisini. Ofisi inatoa jina lake, na mwezi huo wale waliopangiwa wanatia fungu lao kwenye bahasha na kumtumia mgonjwa mwenyewe, nyumbani kwake, pamoja na kadi na sala. Basi. Waumini kwa waumini. Orrin alifungua bahasha wiki tatu. Mtoto mmoja wa Oregon alichora kitu kama viazi akaandika, "Hii ni nyongo yako, pole." Dereva wa lori wa Texas alisema alisimama kando ya barabara akapiga magoti kwenye kokoto. Nilimsomea Orrin hiyo akalia. Orrin! Mtu ambaye hakulia kwenye maziko ya mama yake.

Na kuna Fern Gaddis wa Georgia. Alianza na kadi, sasa ananiandikia kila wiki. Amekuwa kama dada kabisa.

Hili nalisema kwa upole. Laiti mngekuwa ndani wakati wa Maxine, wifi yangu asingekufa kimyakimya vile.

Nimekuwekea fomu. Kurasa tano. Mchungaji wako anatakiwa kutia sahihi kwamba unahudhuria kanisani, kwa hiyo anza kuhudhuria. Hamna pombe, hamna sigara.

Dada yako akupendaye,
Verda


Elk Prong
17 Machi 2019

Dada Verda,

Huku theluji imeyeyuka, matope yanameza viatu. Mgongo uleule. Jirani kanipa nyama ya mnofu wa kulungu, nimeipika na maharage, nimekula siku nne.

Kimyakimya. Hilo neno nimelitafuna wiki nzima na halimezeki. Maxine hakufa kimyakimya. Alipiga kelele. Wewe ndiye hukuwepo kusikia. Ulikaa siku tisa ukarudi Kansas kwa sababu ng'ombe wa Orrin walikuwa wanazaa.

Fomu yako nimeisoma kwa kidole, mstari mmoja mmoja, jioni tatu. Unajua kusoma kwangu. Ukurasa wa pili, herufi kama siafu: hii si bima, na hakuna mwanachama anayelazimika kumlipia mwenzake. Wameandika wenyewe, Verda! Mimi nikidhulumiwa na bima ya kiwandani naweza kumtafuta wakili mlevi yeyote akawafikisha mahakamani. Hao wako utawapeleka wapi? Mbinguni?

Ukurasa wa tatu: ugonjwa uliokuja nao siku ya kujiunga haubebwi.

Hapo nikakukumbuka wewe. Ule uvimbe. Zile siku tisa zako ulimshika Maxine mkono palepale kitandani ukamgusisha titi lako la kushoto. Akakwambia, "Verda, wangu ulianza hivihivi, nenda kwa daktari." Aliniambia usiku uleule. Hiyo ilikuwa 2014. Nyie mmejiunga 2016. Je, uliwaambia?

Na huyo Fern. Mimi unaniandikia kwa mwezi mara moja. Yeye kila wiki. Sawa tu. Nauliza ana nini.

Hollis


Harlan Flat
9 Aprili 2019

Hollis,

Sisi wazima. Mvua imekuja kwa adabu mwaka huu. Kuku wameanza kutaga.

Umeuliza maswali mengi, nitajibu yale yenye heshima.

Siku tisa ni kweli. Ningekaa zaidi. Nisamehe au usinisamehe, ila usinitumie jambo hilo kila barua kama gazeti.

Fern hana kitu. Ni mjane kama wewe, ila yeye anacheka.

Hilo lingine ni la mwili wangu, ni langu na Mungu wangu. Ni kafuta tu, kauvimbe ka mafuta, kamelala, hakasumbui mtu. Usiliandike tena. Orrin ndiye anayefungua sanduku la barua, na mpaka leo hajui. Bahati yako, barua hiyo ya Machi niliipokea mimi.

Jaza fomu, mdogo wangu. Acha kununa. Nataka siku ukiugua zije kadi mpaka ukose ukuta.

Verda


Elk Prong
28 Aprili 2019

Dada,

Salamu kwenu wote. Huku kazi nyingi, wamenihamishia kwenye paleti, zile chaga za mbao za kupakilia mizigo, napigilia misumari kutwa.

Nimejaza. Mchungaji nilimfuata baada ya ibada. Akasema, "Hollis, niandike unahudhuria?" Nikasema leo si nipo. Akasema, "Na Krismasi ulikuwepo." Nikasema basi mara mbili. Akatia sahihi, akasema Mungu si karani.

Ukurasa wa nne wanauliza nani alikuleta kwetu, toa ushuhuda wake kwa maneno yako. Nimekuandika. Nimejaza mistari yote.

Nimetuma Jumatano. Kamba ya kutundikia kadi nimenunua tayari, usicheke.

Hollis


Harlan Flat
30 Juni 2019

Mdogo wangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa, ni mavuno. Mashine inazunguka shambani tangu umande unapokauka mpaka giza, na mimi napika kwa wanaume sita wanaokula kama kumi. Ngano ni nzuri. Afya ya Orrin ni nzuri, mpaka inaudhi.

Nilifurahi mno kusikia umejaza. Nilimwambia Orrin, "Hollis kaandika mistari yote, na yule hata kadi ya Krismasi anaandika jina tu." Nilitembea na furaha hiyo siku nzima.

Sasa nisikilize. Barua hii naipeleka posta mwenyewe, Orrin yuko kwenye mashine.

Kale kafuta kameamka. Mwezi wa tano nilikuwa natundika shuka nikahisi kama mtu kanibana na kibanio. Nikaenda mjini kwa daktari peke yangu, nikasema naenda kununua vifuniko vya chupa. Wakatoboa, wakapima. Ni saratani, Hollis. Daktari ni mwanamke mdogo, ana umri wa viatu vyangu. Kasema, "Mama, huu haujatoka nje ya titi. Tukate mwezi huu, mambo yatakuwa mazuri."

Orrin nimemwambia. Alikaa chini kwenye ngazi.

Hati nimepeleka Ushirika. Kwenye swali la ulianza lini, nimeandika Mei 2019. Ndio, nimeandika hivyo. Hospitali inataka kujua nani atalipa kabla ya kupanga siku, na ofisi inasema majibu wiki sita. Nitangoja. Bega kwa Bega hawajawahi kutuangusha.

Sitaki uniambie kitu. Nataka useme tu kwamba Mungu yupo.

Verda


Elk Prong
21 Julai 2019

Verda,

Mungu yupo.

Mimi wamenikataa. Niliandika ukweli kwamba nanyonya ugoro, wakasema ugoro ni tumbaku. Fomu hawarudishi. Wamesema inabaki ofisini.

Dada, usiwangoje. Nenda kakatwe. Hospitali kubwa huwa zina mahali pa kuwapangia wasio na uwezo. Nenda kaulize. Nenda wiki hii. Usiniulize kwa nini nasema hivyo.

Joto kali huku.

Hollis


Harlan Flat
15 Septemba 2019

Mdogo wangu,

Natumaini joto limepungua na mgongo umetulia. Mimi bado natembea, bado napika. Pilipili hoho zimezaa kupita kiasi, namgawia kila anayepita.

Sikwenda hospitali kuomba. Sisi hatujawahi kuomba. Na Ushirika walituambia tangu mwanzo, kukimbilia misaada ya dunia ni kukosa imani kwa ndugu. Nikangoja. Wiki sita zikawa kumi.

Wamekataa.

Barua ina aya ya Biblia juu na aya ya Biblia chini. Katikati wanasema ugonjwa ulikuwepo kabla ya kujiunga, na kwamba wana ushuhuda wa ndugu wa damu. Nikapiga simu. Msichana ana sauti ya asali.

"Mama Brubaker, tunakuombea."

"Asante, mwanangu, ila ni nani huyo aliyesema?"

"Siwezi kumtaja, mama, ila naweza kukutumia nakala."

Nakala imekuja. Ni ukurasa wa nne. Mwandiko wako, Hollis, zile herufi zako zinazolalia kushoto kama uzio mbovu. "Dada yangu Verda Brubaker ndiye aliyenileta. Ni mwanamke wa imani. Ana uvimbe titi la kushoto tangu mwaka 2014 na hajalalamika hata siku moja. Anajua ninyi mtambeba."

Nilikaa nikacheka, halafu nikalia. Najua ulitaka kunisifu. Wewe huna ujanja, hukuwa nao hata utotoni, ulikuwa ukiiba keki unakuja na unga puani. Sina hasira nawe. Nilimwambia Orrin, "Masikini Hollis, aliandika mistari yote kwa ajili yangu."

Lakini sasa nisaidie. Kuna rufaa. Wanachama saba wanasoma upya na kupiga kura. Msichana wa asali kasema, "Kama aliyeandika alikosea na akakiri kwa maandishi, wazee watazingatia." Waandikie kwamba ulichanganya. Kwamba mwenye uvimbe 2014 alikuwa Maxine, na huzuni ilikuvuruga kichwa. Ni uongo mdogo, na nusu yake ni kweli.

Mwisho ni tarehe 25 Oktoba. Andika upesi. Sasa nauhisi hata nikinyanyua sufuria.

Dada yako,
Verda

Fern hajaandika tangu nilipomwambia nimekataliwa. Labda anaumwa.


Harlan Flat
6 Oktoba 2019

Hollis,

Hujajibu. Uko hai? Nilimpigia mke wa mchungaji wako, kasema alikuona dukani unanunua maharage.

Andika.

V.


Elk Prong
12 Oktoba 2019

Verda,

Niko hai. Salamu sina leo, zitakuwa za uongo.

Unasema sina ujanja. Ninao.

Nilikaa mezani na ile fomu. Ukurasa wa nne nilianza vizuri. Mwanamke wa imani, hilo nililiandika kwa moyo. Halafu nikaiona friji yako. Nikaziona kadi zinazunguka, na Orrin amekaa anakula, na wewe unamsomea, na yeye analia. Nikasema huyu mtu kapata vijiwe, kapewa dunia nzima. Ana mke wa kumsomea. Mimi kadi hata zikija nitamsomea nani? Nikasema na Verda naye, ana mume, ana Fern, ana mia mbili na kumi na nne, halafu ananiambia Maxine alikufa kimyakimya.

Nikaandika mwaka.

Hakuna aliyeniuliza mwaka, Verda. Fomu haikuuliza. Niliuandika kwa makusudi, wino ukawa hafifu, nikaurudia juu ili usomeke. Ukurasa wa tatu nilikuwa nimeusoma. Nilijua nafanya nini.

Sikujua uvimbe umeamka. Hilo naapa. Nilidhani watakuita, watakuaibisha kidogo, watawatoa, kadi zitakoma. Hicho tu nilitaka. Kadi zikome. Ulipoandika Juni nikajua. Ningekwambia Julai ungekwenda kukatwa Julai. Nikakwambia nenda, sikukwambia kwa nini. Nikanyamaza miezi mitatu nikila maharage.

Hata sasa nikikumbuka kadi za Orrin wivu unawaka. Nakwambia usije ukadhani nimepona.

Uongo ulioutaka nimeuandika. Umechukua siku sita. Nimesema uvimbe ulikuwa wa mke wangu na mimi ni mzee mjinga. Wa Maxine ulikuwa kulia, nimeandika kushoto. Nimetia sahihi. Uko humu ndani kwenye bahasha ya pili, sijaifunga. Ukitaka itume. Maxine hatakasirika. Alikupenda wewe kuliko alivyonipenda mimi, na hilo nalo niliona wivu.

Lakini waulize hao wazee kitu kimoja. Vijiwe vya Orrin vilianza lini? Daktari gani duniani anajua kijiwe kimezaliwa siku gani? Hawakuuliza kwa sababu vilikuwa vidogo. Ugonjwa wako ni mkubwa ndio wakakumbuka kalenda. Hilo ndilo nililokuwa nakwambia tangu Machi, na nilikuwa nasema kweli, na nikaiharibu kwa mkono wangu.

Hollis


Harlan Flat
3 Novemba 2019

Hollis,

Nimechukua wiki tatu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, na mimi ni mwanamke wa imani, kama ulivyoshuhudia.

Barua yako ilifunguliwa na Orrin. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Nikasema, "Sema kitu." Akasema, "Mwache. Mimi nilikuwa na vijiwe tu." Akavaa kofia akaenda kwa ng'ombe. Mimi sina moyo kama wa Orrin, usidhani.

Bahasha yako ya pili niliitia kwenye jiko. Mimi ndiye niliyekuomba uongo, na nilipouona umeandikwa, jina la Maxine na titi la kushoto, nikaona mkono wake. Alinigusa akaniambia nenda kwa daktari. Sikwenda. Miaka mitano sikwenda kwa sababu niliogopa, na nilipojiunga niliwaficha kwa sababu nilijua ukurasa wa tatu unasema nini. Usijipe ukubwa, Hollis. Hukunipa ugonjwa. Sikuwa tayari kumwibia Maxine ugonjwa wake.

Niliwaandikia wazee mwenyewe. Nikasema nilikuwa nao, niliogopa, nisameheni, nibebeni. Wamejibu. Kadi moja. Ina njiwa. Sahihi saba.

Basi nikavaa gauni la kanisani nikaenda hospitali ya mjini, kwenye dirisha la wasio na uwezo. Nilidhani nitakufa kwa aibu kabla ya saratani. Msichana pale anatafuna bazoka, kanijazia karatasi dakika ishirini. "Mama, mbona hukuja kiangazi?" Na bima za kawaida zimefungua uandikishaji mwezi huu, kanionyesha. Nimejiandikisha, itaanza Januari. Hawaulizi uvimbe ulianza lini. Hawana ruhusa ya kuuliza. Hakuna atakayepiga magoti kwenye kokoto, lakini hawaulizi.

Yule daktari mdogo kanipima upya. Akasema, "Umechelewa, mama. Ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa nangoja barua. Juni haukuwa kwapani. Sasa upo. Januari haingojeki, wanakata Jumanne tarehe 19 kwa zile karatasi za dirishani, halafu dawa, halafu ataona.

Hilo nakuachia ulale nalo.

Kuniandika karibu nimekusamehe. Kunyamaza bado. Kuanzia Juni mpaka Oktoba nilikuwa nakutaja kwa jina kwenye sala za asubuhi, namshukuru Mungu kwa ndugu aliyejaza mistari yote, na wewe unajua, na unakula. Kama ulikuwa na wivu ungekuja kuniambia usoni. Ningekupiga kibao, ungelia, tungemaliza, kama zamani.

Usije. Sitaki kukuona mpaka nijue kama naishi.

Verda


Elk Prong
8 Novemba 2019

Dada,

Umeandika usije. Nimesoma kwa kidole, mara nne. Nakuja.

Nilimfuata msimamizi kuomba ruhusa. Akapaza sauti kwenye sikio langu, "Likizo ya nini, Hollis, unaoa?"

Nikasema nimemuumiza dada yangu, nakwenda.

"Kwa ngumi?"

Nikasema kwa kalamu.

Akasema, "Wewe? Hujui hata kuandika." Halafu akaniangalia, akanipa mwezi mzima. Bila malipo, lakini mwezi.

Nitafika Jumamosi tarehe 16, mchana. Gari lina taa moja kwa hiyo sitembei usiku. Ninaleta blanketi langu, chakula changu, na godoro la kulalia hata bandani. Ng'ombe nitawalisha mimi ili Orrin akae nawe hospitali. Mwambie hivyo. Mwambie nasema akae nawe yeye, mimi nitakuwa kwa ng'ombe. Unajua hilo limenigharimu kuliandika.

Daktari wa Maxine alituambia wakishakata, mkono wa upande ule haunyanyuki wiki nyingi. Mtu wa kukufungulia makopo na kukushushia masufuria atahitajika. Nitakaa mpaka unyanyuke.

Jumamosi nikibisha hodi usimtume Orrin. Fungua mwenyewe. Na hicho kibao nipige palepale mlangoni kabla sijavua kofia, kabla ya Jumanne, mikono yako yote miwili ingali mizima. Piga kwa nguvu, Verda. Nisikie.

Hollis